Kura ya Mama Kapinga

Bel-Air, Lubumbashi

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimia kwa jina la Bwana anayekulinda wewe huko Butembo kwenye baridi yako na mimi huku kwenye vumbi langu. Magoti yanasemaje? Dada Kahindo aliniambia umeanza kutembea na fimbo, na kwamba unamfokea kila mtu anayekuambia ukae. Nilicheka, maana nilijua u mzima. Lakini ile dawa ya kupaka niliyokutumia uitumie, usiifiche kwenye sanduku ukingojea ugonjwa mkubwa zaidi. Na maharage yametokaje? Njia ya shambani mnaweza kupita bado, ama wale watu wa porini wamerudi? Unijibu yote, usiniandikie tu "tuko salama" kama ilivyo desturi yako.

Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio mgonjwa, na ndiyo sababu nimeshika kalamu badala ya kungoja simu. Tangu watangaze matokeo ya uchaguzi, mtandao unakatikakatika. Unasema "halo Mama" na papo hapo sauti imekufa. Barua hii anakuja nayo Kasereka, yule dereva wa kamyo, mtoto wa jirani yako wa chini. Atapita Zambia, Tanzania na Uganda ili afike katika nchi ileile aliyotoka. Ndiyo Kongo yetu hiyo. Mpe chai, na usimcheleweshe kwa maswali, maana yote nimeyaandika humu.

Uliniuliza kama watu wa Lubumbashi, siku ya kumchagua rais, watatukumbuka sisi wa Kivu na vita yetu. Jibu ni hapana, Mama. Usiwakasirikie. Watu wa huku walipiga kura ya unga. Mimi nilipiga nikikumbuka shamba lako, na nadhani katika mstari ule mrefu nilikuwa peke yangu.

Uchaguzi uliopita haukuwa hivi. Naviundu, ule mtaa wa kando ya mto ambako unga wangu unauzwa rejareja, walimchezea rais huyuhuyu ngoma. Ni mtu wa jimbo la Kasai, si wa hapa, na sikumsikia yeyote akiuliza alizaliwa wapi. Kuna mwanamke mmoja pale, Mama Mwape, Mubemba, mnene wa kicheko, aliliandika jina la rais kwa chokaa kwenye ukuta wa nyumba yake. Mume wake alikuwa na kazi kwenye kampuni moja inayowachimbia wenye migodi, na bukari, ugali wa huku, ilipikwa mchana na jioni.

Halafu mambo yakaanza kuharibika. Jua liliunguza mashamba ya Zambia, ambako mahindi yetu mengi yanatoka, na wao wakafunga mpaka ili wale kwanza wenyewe. Faranga ikaanza kushuka. Asubuhi naandika bei ya gunia kwenye ubao wa depo, ghala langu la unga, mchana naifuta naandika nyingine, na watu wananiangalia kama mwizi aliyesahau kukimbia. Walianza kusema sisi Wanande wa Kivu tunaficha unga. Mmoja nilimfungulia depo aone kwamba ni tupu, akaniuliza kama nimeuweka chini ya kitanda. Nikamwambia aje alale nami ahakikishe. Wakati ule bado tulikuwa tunacheka.

Kampuni ya mume wa Mama Mwape ikafunga milango. Mwenye pikipiki anayenibebea akabandua picha ya rais kwenye tangi lake, akasema petroli imemshinda na hawezi kubeba bure sura ya mtu. Siku moja nilipita nikakuta Mama Mwape amepaka matope juu ya lile jina ukutani. Nilimtania nikamwambia ameharibu ukuta. Hakucheka. Alisema hana ugomvi na rais, ila watoto wake sasa wanakula mara moja, na hawezi kuwaeleza mambo ya siasa wakiwa wanalia. Hivyo ndivyo walivyomwacha, Mama, mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba, bila mkutano wowote. Na mpinzani, tajiri mmoja wa hapahapa Katanga, alipokuja uwanjani alitaja unga kabla hata ya kusalimu. Alisema atalimisha mashamba yote yanayozunguka mji. Walimwamini? Nusu tu. Lakini rais alikuwa akizungumza habari za uvumilivu, na neno hilo ukimwambia mtu mwenye njaa ni kama kumtukana.

Pamoja na unga yakaja maneno mengine. Watu wakaanza kusema kwamba wa Kasai wanakula kwa sababu ndugu yao anatawala, na kwamba warudi kwao. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa kwa ajili ya Mama Kapinga.

Mama Kapinga unamfahamu kwa sauti. Ndiye aliyechukua simu yangu mwaka ule wa malaria akakuambia, "Mutoto wako iko na mama hapa, ulale." Nilikuwa nimefika tu, sina mtu, na yeye na mume wake walinipa chumba katika lupango lao, ndivyo wanavyoita huku ua wa nyumba, na uji asubuhi na jioni mpaka nikasimama. Nilipofungua depo, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuza unga wangu pale Naviundu, kwa meka, kile kipimo cha bati wanachotumia huku. Alikuwa akiujaza mpaka unga unafanya kilima juu, halafu anaongeza kiganja kimoja. Watu walivuka barabara kwa ajili ya kilima chake. Ni Muluba wa Kasai kwa baba na kwa mama, lakini alizaliwa hapahapa Lubumbashi, na Kasai hajapata kuikanyaga hata siku moja.

Mume wake, Papa Mukendi, ndiye aliyetoka huko akiwa kijana. Alikuwa mwalimu. Anasahihisha Kifaransa cha kila mtu, hata cha redio. Anakiambia kisanduku kile kwamba kimekosea, kisha anangoja kama kitamwomba radhi. Pensheni yake hailipwi. Ukimwuliza, anasema faili iko njiani Kinshasa. Rais anamwita "ndugu yetu", na alikuwa na kofia ya chama ambayo hata mezani haivui. Nampenda mzee yule, lakini alikuwa akinichosha.

Sasa sikiliza jinsi balaa lilivyoingia. Wakati wa kampanye, watu wa chama walileta unga Naviundu ili uuzwe kwa bei ya huruma, kwenye magunia meupe yenye sura ya rais, kubwa, anatabasamu. Walitafuta mtu wa kuuza, na Papa Mukendi akasimama mbele kwa furaha akasema mke wake. Mama Kapinga hakupenda. Aliniambia unga wa huruma una wenyewe. Lakini mume ameshasema mbele za watu, afanye nini? Unga ule uliisha kabla watu wa mwisho kwenye mstari hawajafika mezani, na wale waliokosa hawakusahau.

Na wewe unajua sisi wauza unga, hatutupi gunia. Gunia zuri linafuliwa, linashonwa, linajazwa tena mpaka lichakae. Kwangu unga unatoka mpakani kwa njia za panya, kwenye mifuko iliyotoboka, hivyo kila muuzaji anaumwaga kwenye magunia yake. Mama Kapinga aliyachukua yale magunia ya rais, akayafua mtoni, akamwaga humo unga wangu, ule nilioununua kwa bei kali. Niliyaona mwenyewe na sikuwaza neno lolote. Ni magunia. Lakini mteja anafika, anaona sura ileile ya unga wa huruma, anaambiwa bei mpya, na meka sasa imesawazishwa kwa kiganja, kilima hakuna tena. Wewe ungefikiri nini? Wakasema ameficha ule unga wa chama na anawauzia kwa bei ya dhahabu. Nilimwambia ayageuze ndani nje. Akasema ana mambo mengi kuliko kugeuza magunia, na kila mtu sokoni anajua kazi ilivyo.

Siku ya kura walikwenda pamoja, Papa na kofia yake, Mama Kapinga amevaa kitenge cha kampanye alichopewa, chenye sura ileile begani na kiunoni. Niliwaona wakipita, watu wakiwapisha njia bila salamu. Kesho yake nilimpelekea unga. Alikuwa akichekecha, macho chini, na bila kuulizwa akaniambia:

"Kambale, mi nilipigia ule mwingine. Usiniangalie vile. Batoto ba huku banakula mara moja ku siku. Mi njo nabauzishia, minabaona. Papa asijue, hata siku moja."

Nilimwahidi. Nakuandikia wewe kwa sababu Butembo ni mbali, na kwa sababu siwezi tena kubeba jambo hili peke yangu.

Matokeo yalitangazwa mchana wa siku ya soko. Nilikuwa pale Naviundu, nimeleta mifuko michache. Redio ikasema rais ameshinda. Soko zima likanyamaza, na katika ukimya ule Papa Mukendi, ambaye alikuja kukaa na mke wake, akapiga makofi. Alikuwa na furaha ya kweli, kama mtu aliyesikia mtoto wake amefaulu mtihani. Ningeweza, ningemshika mikono.

Vijana walitoka upande wa daraja na matairi ya kuchoma. Polisi walikuwa katikati ya mji wanalinda maduka makubwa. Vijana walipita meza za kwanza bila kugusa kitu, na mpaka leo naamini wangetupita na sisi. Mama Mwape alikuwa kati ya wanawake waliowafuata. Si mtu mbaya, Mama, nakuambia. Alikuwa na sufuria tupu mkononi, akaigonga, akanyoosha kidole kwenye magunia.

"Unga ya raisi iko pale," akasema. "Banatuuzishia ile yao bei kali."

Wakarudi. Papa Mukendi akasimama, akainua mkono kama darasani, akaanza kueleza kwamba gunia ni gunia tu na unga ni mwingine. Alikuwa anasema kweli tupu, na kwa Kifaransa, masikini. Tofali lilimpata usoni. Mimi nilimshika asianguke. Mama Kapinga akafungua mdomo, na nilijua ni neno gani linakuja. Neno moja tu, na wale wanawake wangemjua kuwa ni mwenzao. Akamwangalia mume wake aliyekuwa amekaa chini na damu kwenye kola, mikono inatafuta kofia. Akafunga mdomo. Basi mimi nikaanza kusema, "Huyu mama alipi..." akanikamata mkono kwa mkono wake wenye unga, akaniminya mpaka nikasikia maumivu.

"Kambale, nyamaza."

Walichana magunia, wakachoma meza. Unga ulimwagika mpaka kwenye matope ya mfereji, na walewale waliokuwa wanapiga kelele wakapiga magoti kuuzoa kwa vitenge vyao, pamoja na mchanga. Mama Mwape alijaza sufuria yake. Sikuwa na nguvu ya kumchukia. Nilichukia tu.

Jicho la kushoto la Papa limekufa. Daktari alisema lile jingine litaona kwa kadiri. Na huku yeye yuko hospitali, mtu alichora msalaba wa makaa kwenye mlango wa lupango lao, na kila mtu huku anajua maana yake: hameni. Majirani wawili wa Kasai walikuwa wamekwisha kuhama.

Kisha Mama Mwape akaja depo kwangu. Alikaa juu ya gunia akalia muda mrefu kabla ya kusema. Shefu wa mtaa alimtuma. Vijana wale wanamsikiliza shefu bado, na shefu alikuwa tayari kuwaambia wamwache Mama Kapinga, ajenge meza yake tena, lakini anahitaji neno la kuwapa. Akasema kama wangejua kwamba mama yule alikuwa upande wa watu wa mtaa, hata yeye peke yake katika nyumba ile, hakuna ambaye angemgusa. Aliniangalia sana aliposema hivyo. Labda alihisi kitu. Nilimwambia nitaona, nikafunga depo, nikaenda hospitali mbio kama mtu aliyebeba dawa.

Nilimkuta Mama Kapinga bombani, anafua shati la mume wake. Nilimwambia yote. Nikamsihi. Nikamwambia neno hilo ni lake, ni kweli, na litamrudishia nyumba na meza, na mji aliozaliwa. Shefu akijua, vijana watajua, na baada ya vijana ni mtaa mzima. Tuliyafahamu hayo wote wawili, na mtaa mzima ukijua, Papa atasikia. Aliendelea kusugua kola ile ambayo ilikuwa imekwisha kutakata.

"Pension habamulipake," akasema. "Jicho banamuharibia. Ule raisi wake njo kintu kimoja kinamubakilia. Nikimuambia asema ata bibi yake alimukatala, atabakia na nini?"

Nikamwuliza na yeye atabakia na nini. Akakamua shati, akasema Kasai pia watu wanakula unga, na atauza. Nilikasirika, Mama. Nilimkasirikia yeye kwa ukaidi wake, na Papa kwa kutokujua, na yule aliyeshinda, ambaye hata siku moja hatasikia jina la Mukendi. Niliondoka bila kuaga, na nilipofika barabarani nikarudi, maana yule mwanamke amenilisha uji kwa kijiko.

Mama Mwape nilimpelekea jibu kwamba sina neno la kumpa shefu. Akaitikia kwa kichwa tu. Siku hizi anakuja kununua kwangu Bel-Air, kwa miguu, maana pale Naviundu hakuna tena anayethubutu kuuza. Bei haijashuka. Anapokea unga wake, ananishukuru, na hatuangaliani machoni.

Waliondoka wiki iliyopita. Gari moshi la Kasai huku halina siku wala saa, basi niliwatafutia nafasi kwenye kamyo ya rafiki yangu, Papa mbele kwa dereva, Mama Kapinga juu ya mizigo. Lupango wameliuza kwa bei ya aibu, sitaki hata kuitaja. Alichukua sufuria, godoro, na meka yake ya bati, aliyoikuta kwenye majivu. Wanawake watatu wanne wa mtaa walisimama mbali. Alipowaona, aliwapungia mkono, kana kwamba anakwenda sokoni. Mwanamke wa miaka ile, Mama, anapelekwa "kwao", mahali ambapo hajui hata mlango mmoja wa kubisha, na Kiluba chake watu wa huko watakicheka.

Papa Mukendi alinishika bega. Bandeji ilikuwa safi na kofia iko juu yake. Hakuwa na huzuni kama nilivyotazamia. Alikuwa amenyooka, ana heshima zake.

"Kambale, uandikie mama yako," aliniambia. "Bantu yote ba hapa baligeuka juu ya unga. Mi na bibi yangu, hatukugeuka. Inatugaramia, lakini hatukugeuka." Akainua uso kuelekea kule juu kwenye mizigo, upande ambao jicho lake halimfikishi vizuri. "Sivyo, mama?"

"Ni vile, Papa," akajibu Mama Kapinga, na akaendelea kukaza kamba.

Basi nimekuandikia alivyoomba.

Nisalimie kaka mkubwa, umwambie mtaji haujaungua wote na asiuze ng'ombe kwa ajili yangu. Dada Kahindo nimemshonea blauzi, iko kwa Kasereka, isikae kwake muda mrefu. Msalimu shangazi wa kanisani, anayeimba kuliko wote na anayenitafutia mchumba kila mwaka. Mwambie mwaka huu apumzike. Na watoto wote wa nyumba, hasa yule aliyepewa jina langu, mumchape kidogo asije akawa mfanyabiashara.

Nimempa Papa Mukendi namba yako mpya, maana alitaka akuage mwenyewe. Mtandao ukirudi atakupigia kutoka huko Kasai, na najua neno atakalokuambia kwanza, na atalisema kwa majivuno. Mama Kapinga atakuwa amekaa karibu, anasikia. Umjibu ni vile, Papa. Usiongeze lolote.

Mimi mwanao,
Kambale